Sauti Nzito ya Mashine ya Digodigo

Digodigo,
10 Machi 2024

Baba mpendwa,

Shikamoo, na Tumsifu Yesu Kristo. Najua unataka habari za injini kwanza na habari zangu baadaye, kwa hiyo naanza na injini.

Ni kubwa. Ni kubwa kuliko ya kwako, na usikunje uso. Bado ina rangi yake ya kijani ya dukani, na kinu chake kinasaga mtama na mahindi bila kubagua. Akina mama wa kikundi waliposhusha mzigo kwenye lori walikataa wanaume wasiiguse, wakaisukuma wenyewe mpaka bandani huku wanaimba. Kabla ya hapo walikuwa wanapakia punda mahindi na kwenda kusaga kijiji cha mbali, na aliyechelewa alilala huko huko.

Mwenyekiti wao ni Mama Sinyati, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuamuru. Siku ya kwanza aliniambia mbele ya watu wote, "Binti wa Karatu, tumekupa mashine hii mpaka mavuno yaishe. Ikitushinda mikononi mwako, tutamwita Filbert wa Wasso na wewe utarudi kwa baba yako. Ikifika mwisho wa mavuno ikiwa nzima, ni yako kuiendesha mpaka utakapochoka mwenyewe." Huyo Filbert ni fundi kweli, na nusu ya wazee wa hapa walimtaka yeye tangu mwanzo. Walikuja kunitazama nikipiga hendeli kama watu wanaosubiri ng'ombe azae. Iliwaka mara ya kwanza, Baba! Hakuna aliyepiga makofi, lakini hakuna aliyecheka pia.

Kopo lako nililifunga kwenye bomba la moshi kabla sijatia hata dizeli, kama ulivyonifundisha. Nilipoiwasha mashine likapiga ile filimbi yake, mbuzi wa jirani wakakimbia. Watu wa huku hawakujua kwamba mashine inaweza kuita. Niliwaeleza kuwa kule kwetu Endabash likisikika bondeni watu husema, "Bartolomeo anaita," wanachukua ndoo zao na kuja kusaga. Mchana foleni ilifika kwenye mfereji wa kumwagilia mashamba.

Simu sitapiga. Huku mtandao ni wa kupandia kilima, na hata nikiupata, wewe utanijibu "eee, eee" wakati husikii kitu. Inosenti, dereva wa lori la Fuso, anapita hapa kuchukua maharage ya kupeleka Karatu, atakuwa posta yetu. Msalimie sana Mama.

Mwanao,
Skola


Endabash, Karatu
26 Machi 2024

Binti yangu Scholastika,

Marahaba, na milele na milele, Amina. Usihangaike na madoa ya oili kwenye karatasi. Naandika nikiwa mashineni, wateja wamejaa, na kila nikimaliza mstari mtu ananiita.

Mama yako Angelina alisoma barua yako mara ya kwanza peke yake, mara ya pili kwangu kwa kupiga kelele, na mara ya tatu kwa majirani ambao hawakuomba kusomewa. Kaka yako Fabian alikuwepo, katoka kupeleka wageni kreta. Akasema kazi ya mashine haina fyucha, bora ungejifunza kuendesha gari la watalii. Nikamwuliza hao wageni wake asubuhi wanakula nini kama si unga.

Sasa sikiliza. Kila siku kabla ya kupiga hendeli, gusa. Gusa oili, gusa maji, gusa mkanda, gusa nati za miguu. Ukitazama tu utadanganyika, kwa sababu nati iliyolegea na iliyokaza zinafanana sura. Na injini ikishaanza, weka ncha ya bisibisi kwenye chuma chake na mpini ubane kwa meno. Masikio yangu yamekwisha, lakini kwa meno bado nasikia kila kitu kinachotendeka ndani ya silinda. Watu watakucheka. Waache wacheke.

Kopo usilibadilishe wala usilitoboe zaidi. Nililitengeneza mwenyewe mwaka uliozaliwa, nikajaribu matundu mengi mpaka nikapata sauti hiyo, na sijasikia ya mtu mwingine inayoifikia. Nimekupa wewe na mimi nikajitengenezea lingine la ukubwa ule ule.

Ukimaliza mavuno ya hao watu, rudi. Mzee Julius mwenye mashine anajua kuwa siku nikichoka, anayeshika hendeli yangu ni wewe. Mashine hii inakusubiri.

Baba yako,
Bartolomeo Gwandu


Endabash,
25 Aprili 2024

Binti yangu,

Inosenti anaondoka leo baada ya mnada, kwa hiyo naandika kwa kifupi. Sisi ni wazima. Mvua ni nzuri. Nimepanda maharage nyuma ya nyumba, nimekaza uzio wa mama yako, na leo nimepaka chokaa ukuta wote wa mbele. Mama yako anasema nimeanza kumsumbua jikoni.

Mashine yako inaendeleaje? Niandikie kwa urefu. Usiache kitu.

Baba yako,
Bartolomeo


Digodigo,
12 Mei 2024

Baba mpendwa,

Shikamoo. Barua yako imenitisha kwa usafi. Haina doa la oili hata moja, wala harufu ya dizeli, na mistari imenyooka kama ya mwanafunzi wa darasa la nne. Halafu umepaka chokaa siku ya mnada? Siku hiyo foleni yako huwa inafika barabarani! Nani alikuwa anasaga? Umepata msaidizi usiniambie?

Huku ni kipindi cha njaa kidogo, watu wanasaga ndoo moja moja, kwa hiyo napata muda wa kuijua injini. Asubuhi inakuwa nzito kuamka kama Fabian. Nimejifunza kuipa hendeli mizunguko ya pole kwanza, halafu nakaza ghafla, inaitika. Wanawake wameacha kuniita binti wa Karatu. Sasa wananiita mama mashine, na mimi bado sijaolewa.

Mavuno yanakaribia. Mahindi ya kwenye mifereji yamesimama vizuri mno. Mama Sinyati ameyatazama, kisha akanitazama mimi.

Mwanao,
Skola


Endabash,
26 Mei 2024

Binti yangu,

Nilinawa mikono. Mtu mzima anaruhusiwa kunawa mikono kabla ya kuandika barua.

Kagua mkanda kabla mavuno hayajaanza.

Baba yako,
Bartolomeo


Digodigo,
16 Juni 2024

Baba mpendwa,

Shikamoo. Nisamehe sitauliza hali za nyumbani, nina shida.

Mavuno yameanza na mashine inaniangusha. Asubuhi inaanza vizuri. Nikishamimina mahindi kwa mfululizo inaanza kutoa moshi mweusi, mweusi hasa, inapungua nguvu, na maji kwenye tangi yanachemka mpaka yanaruka nje. Nazima, nasubiri ipoe, naanza tena, inarudia yale yale. Jana nimesimama mara nne na watu wamekaa kwenye magunia yao wananitazama. Nimebana bisibisi kwa meno kama ulivyosema. Nasikia injini inahema kama mtu aliyebeba mzigo kupanda mlima, lakini hakuna kinachogonga.

Mzee mmoja amesema kwa sauti nisikie, "Filbert yuko Wasso, si mbinguni." Nilijifanya nafunga nati. Baba, nikiondolewa hapa sitaondoka kama mtu aliyemaliza kazi. Nitaondoka kama mwanamke aliyejaribu mashine ikamshinda, na hakuna kikundi kingine kitakachompa msichana hendeli. Nisaidie.

Skola


Endabash,
23 Juni 2024

Binti yangu,

Usilie. Injini ikitoa moshi mweusi ina mambo machache tu, na tutayapitia moja baada ya jingine.

Anza na nozeli. Ifungue, isafishe kwa dizeli, ijaribu nje, inyunyize kama ukungu na isidondoshe matone. Ikiwa nzima, nenda kwenye pampu uone kama haimwagi dizeli kupita kiasi. Kisha vavu, upime nafasi zake. Kisha fungua tangi la maji, ukwangue kutu na chumvi chini, maji ya huko yana magadi. Mwisho filta ya hewa, vumbi la unga huwa linaiziba.

Usikubali mtu akuharakishe. Aliyekufundisha kazi hii hajawahi kushindwa na moshi mweusi.

Baba yako,
Bartolomeo


Digodigo,
7 Julai 2024

Baba,

Nozeli nimesafisha. Pampu ni nzima. Vavu nimepima. Tangi nimekwangua mpaka vidole vimechubuka. Filta nimeiosha na kuikausha juani. Kila kitu kiko sawa na injini bado inachemka.

Filbert alikuja. Ni mtu muungwana, alinisalimia kwanza kabla ya kuisalimia mashine. Aliizunguka, akasema atahitaji kuishusha yote. Mama Sinyati akamwambia asubiri kidogo. Ni hiyo "kidogo" niliyobakiwa nayo.

Skola


Digodigo,
19 Julai 2024

Baba mpendwa,

Shikamoo. Imepona! Inasaga kutwa nzima, maji yametulia, moshi mwembamba. Ilikuwa filta, kama ulivyosema. Ahsante sana Baba. Naandika haraka, foleni ni ndefu.

Mwanao,
Skola


Endabash,
28 Julai 2024

Binti yangu,

Nilijua! Nilimwambia mama yako siku ile ile kuwa ni filta. Nimemwambia Mzee Julius, nimemwambia katekista, na Jumapili baada ya misa nimemweleza Xavery wa duka la spea mbele ya watu, kwamba mtu anaweza kukaa Endabash na kutibu injini iliyoko Digodigo. Wamenisikiliza vizuri.

Ila kuna neno moja. Inosenti alipoleta barua yako nilimwuliza, nikitaka tu kufurahi, kama anasikia kopo langu akiwa bado barabarani. Akasema anaisikia mashine, lakini siku hizi ina sauti nzito, ya chini, si ile filimbi. Akaniigizia kwa mdomo. Sikusikia vizuri alichoigiza, lakini niliona mdomo wake ulivyokuwa, na hiyo si sauti ya kopo langu.

Kopo langu liko wapi, Scholastika?

Bartolomeo


Digodigo,
4 Agosti 2024

Baba mpendwa,

Shikamoo. Kopo lako liko bandani, kwenye msumari karibu na mlango. Nitakueleza yote.

Haikuwa filta. Katikati ya Julai alifariki bibi mmoja mkongwe wa hapa, na ndugu zake walileta mahindi ya kusaga kwa ajili ya waliokuja msibani. Wewe ulinifundisha kwamba kukiwa na msiba kijijini mashine husaga lakini haiiti. Kwa hiyo nililitoa kopo, nikaliweka chini, nikawasha. Nilimimina kidogo kidogo nikingoja ichemke nizime. Haikuchemka. Nikamimina debe zima. Ikalimeza. Nikamimina jingine, na jingine, na moshi ulikuwa mwembamba hata huuoni kwenye jua. Ilikuwa kama ndama aliyefunguliwa kamba.

Baada ya mazishi nililirudisha kopo. Moshi mweusi ukarudi. Nikalitoa, ukaondoka. Nililirudisha tena kwa sababu sikutaka iwe hivyo, na ukarudi tena. Injini hii ni kubwa, Baba, tundu la kopo lako ni dogo, moshi haukuwa na pa kutokea. Wakati wa ndoo moja moja haikuonekana. Mavuno yalipokuja tuliiziba pua. Nilikaa kwenye gunia nikacheka, halafu nikalia.

Nilifungua kila nati ya injini hii na kuifunga, na kopo sikuligusa, kwa sababu kwangu halikuwa sehemu ya mashine. Lilikuwa sehemu yako. Ndiyo maana niliandika filta. Sikuweza kuandika kwamba kopo la baba yangu ndilo lililokuwa linaniondoa kazini.

Nimetengeneza lingine kwa kopo kubwa la maziwa ya unga, na tundu pana. Sauti yake ni nzito kama ya fahali. Wanawake wakilisikia wanasema, "Skola anaita." Nilitaka uisikie habari hiyo kwa furaha, si kwa namna hii. Nimewaeleza wanakikundi ukweli wote, kwa kuwa walikuwa na haki ya kujua. Nakuomba usikasirike.

Mwanao anayekupenda,
Scholastika


Digodigo,
18 Agosti 2024

Kwa Mzee Bartolomeo Gwandu,

Salamu nyingi kutoka kwa akina mama wa kikundi. Mimi ni mwenyekiti wao. Barua hii nasema mimi, anaandika katibu wetu Eva.

Mavuno yamekwisha na tunakutana tarehe moja Septemba kuamua nani abaki na mashine. Binti yako ni mchapakazi, sote tumeona. Lakini mashine ilisimama mara nyingi wakati watu wana mahindi, na hilo ndilo tulilomwonya. Yeye anasema kosa lilikuwa kwenye kopo ulilompa wewe. Wapo wazee wanaosema hayo ni maneno ya kujiokoa. Huku kwetu, mtoto anayemtupia baba yake kosa mbele ya watu ni mtoto wa kuogopwa, hata kama mikono yake ni mizuri. Hawataki kumwachia mali yetu mtu wa namna hiyo, na mimi siwezi kuwajibu, kwa sababu sijui injini na sikujui wewe.

Tumemwuliza kwa nini baba yake haandiki siku hizi. Amesema hajui.

Wewe ndiye unayejua. Tuambie kama anachosema ni kweli, au tumwite Filbert.

Wako,
Mama Sinyati


Endabash,
25 Agosti 2024

Kwa Mwenyekiti Mama Sinyati,

Salamu kwako na kwa akina mama wote. Barua yako nimeisoma mwenyewe, sikumpa mtu anisomee. Naomba jibu langu lisomwe mkutanoni kwa sauti, na hao wazee wawepo.

Binti yangu aliponiandikia habari za kopo, nilikasirika. Sikumjibu. Nilikaa na hasira yangu hapa nyumbani, nayo ilikuwa na nafasi ya kutosha, maana sina kazi nyingine. Yeye hajui hili, ila nitalisema. Umeme ulifika kwa Mzee Julius, mwenye mashine, mwezi wa nne. Kinu sasa kinazungushwa na mota. Mota haitaki hendeli, haitaki dizeli, haitaki mimi. Kazi yake ni kubonyeza kitufe, na mke wa Julius anakibonyeza huku anachambua maharage. Injini yangu iko stoo chini ya turubai.

Nilipopata barua yako nilikwenda kwa Julius nikamwomba niiwashe mara moja. Akaniruhusu. Nilipiga hendeli mwenyewe, ikawaka. Nikaiacha ipige na kopo langu, nikabana bisibisi kwa meno nikasikiliza. Kisha nikalitoa kopo, nikasikiliza tena.

Mama, sijawahi kuisikia injini ile ikipumua hivyo. Maisha yangu yote nimeiendesha ikiwa imezibwa, na kwa sababu ni ndogo ilivumilia, na mimi nikadhani huo ndio mwendo wake. Watu walikuwa wanasifu sauti ya kopo langu, na mimi nilikuwa nasimama pale najisikia mtu. Ingekuwa kubwa kama yenu ningeiua.

Kwa hiyo waambie wazee kwamba binti yangu hakunitupia kosa. Kosa ni langu. Alilificha kwanza ili asinivunjie heshima, mpaka mimi mwenyewe nikamlazimisha kusema. Mimi nimekaa na kosa hilo tangu yeye hajajua kutembea na sikuliona. Yeye amelikamata katika mavuno yake ya kwanza, akiwa peke yake, huku watu wanamhesabia makosa na baba yake anamtumia majibu yasiyo sahihi kwa barua.

Filbert ni fundi mzuri, nimesikia habari zake, na mkimtaka mchukueni. Lakini msiseme mnamchukua kwa sababu Scholastika hajui kazi. Huku Karatu niliitwa fundi, na leo naandika kwa mkono wangu kwamba huyu amenipita. Sina aibu kuliandika. Nimeliandika nikiwa nimekaa wima.

Wenu,
Bartolomeo Gwandu


Digodigo,
2 Septemba 2024

Baba yangu,

Shikamoo, shikamoo, shikamoo.

Eva alisoma barua yako jana. Sikujua kama ipo. Nilikuwa nimesimama nyuma na nguo zangu tayari nimeshazipanga kwenye begi. Alipofika pale uliposema nimekupita, Mama Sinyati akamwambia, "Rudia." Akarudia. Yule mzee wa "Filbert yuko Wasso" alikohoa, akasema mtu anayeweza kusema hivyo hadharani hajalea mtoto wa kuogopwa. Halafu akina mama wakaanza vigelegele kabla hata kura haijapigwa, na Mama Sinyati akanikabidhi ufunguo wa banda mbele ya wote. Mashine ni yangu kuiendesha mpaka nitakapochoka mwenyewe. Na sichoki!

Baba, sijalala vizuri kwa furaha, na pia kwa jambo jingine. Injini yako imelala tangu Aprili na ukaniambia umenawa mikono. Mimi huku nakuandikia habari za mahindi na foleni, na wewe umekaa unapaka chokaa. Ungeniambia.

Njoo. Nina vyumba viwili. Njooni wewe na Mama mkae na mimi, mpumzike. Huhitaji kufanya chochote.

Mwanao,
Skola


Endabash,
10 Septemba 2024

Binti yangu,

Mama yako amelia, halafu amepika pilau bila kuwa na sherehe, halafu amekwenda kuwaambia majirani wale wale. Mimi nimefurahi kuliko nijuavyo kuandika.

Lakini kuja huko, hapana. Nije nifanye nini? Nikae kwenye benchi nje ya banda lako, watu waseme huyu ndiye baba yake fundi, mpeni kiti, mpeni chai? Nimeamka kila siku ya maisha yangu kwa sababu kuna injini inanisubiri. Kupumzika nimeshajaribu tangu mwezi wa nne, na hakunifai. Nikija huko kupumzika nitazeeka mbele ya macho yako, na hilo sitaki ulione.

Piga kazi. Niandikie.

Baba yako,
Bartolomeo


Digodigo,
18 Septemba 2024

Baba mpendwa,

Shikamoo. Nimekuelewa, na sitakubembeleza tena. Nina ombi dogo tu. Kikundi kimekubali niajiri mtu, kwa sababu mwezi ujao tunafunga kinu kipya cha kukoboa na siwezi kuwa pande zote mbili. Naomba ubandike tangazo hili kwenye ubao wa kanisa hapo Endabash, labda atapatikana mtu.

"Anatakiwa msaidizi wa fundi, mashine ya Digodigo. Awe anajua kupiga hendeli, kukaza mkanda na kufungua nozeli. Asiwe mlevi. Asiyeweza kupokea amri ya mwanamke asijisumbue. Aandike maombi kwa mkono wake."

Skola


Endabash,
25 Septemba 2024

Kwa Fundi Mkuu,
Mashine ya Digodigo.

YAH: MAOMBI YA KAZI YA MSAIDIZI WA FUNDI

Ndugu Fundi,

Tafadhali rejea tangazo lako. Mimi ni mwanamume, mkazi wa Endabash, nimeoa, nina watoto wawili, mmoja ni dereva wa watalii na mwingine ni fundi.

Najua kupiga hendeli, kukaza mkanda na kufungua nozeli. Pombe ninakunywa kidogo siku ya Krismasi. Debe la mahindi bado nalibeba, magunia mawili kwa mpigo siwezi tena. Masikio yangu ni mabovu, lakini meno yako sawa. Niliwahi kuendesha injini ndogo kwa muda mrefu na niliiendesha ikiwa na kasoro ambayo sikuitambua, kwa hiyo nahitaji kuwa chini ya mtu anayejua zaidi.

Kuhusu amri ya mwanamke, anayeniamuru miaka yote hii ni mke wangu Angelina, unaweza kumwuliza.

Natanguliza shukrani.

Bartolomeo Gwandu


Digodigo,
3 Oktoba 2024

Ndugu Bartolomeo Gwandu,

Maombi yamefika. Yameletwa mengine mawili, nayo yalisomwa kikaoni kwa haki. Ya kwako yalisomwa mwisho. Mama Sinyati alitoka nje kufuta macho, akarudi na swali moja, na nimeagizwa nikuulize kwa maandishi kabla hatujakuajiri: je, mzee huyu ataweza kweli kufanya kazi chini ya mtoto wake, siku mashine imesimama, watu wamejaa, na mtoto anasema hivi na yeye anaona vile?

Jibu kwa ukweli. Sitaki unifurahishe.

Scholastika Gwandu,
Fundi Mkuu


Karatu mjini,
8 Oktoba 2024

Kwa Fundi,

Mwambie Mama Sinyati kwamba siku hiyo nitasema ninavyoona mara moja tu, kisha nitafanya unavyosema wewe.

Barua hii anakuja nayo Inosenti, nami nimekaa naye mbele kwenye Fuso, kwa hiyo utaisoma nikiwa nimesimama pale mlangoni. Usinikimbilie kwa shikamoo, watu watakuwa kwenye foleni. Maliza kusaga kwanza, halafu unionyeshe pa kuanzia.

Msaidizi wako,
Bartolomeo